Chapa Yangu kwa Madaktari wa Dunia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Nilijua siku hii itafika. Sikujua itanikuta hospitali.

Nianze mwanzo, kama anavyotaka Mwalimu Kathure wa gumbaru, shule yetu ya watu wazima. Alisema kila mzee wa darasa aandike daftari kila siku, mkono usisahau herufi. Wazee wengine wanaandika mvua haijanyesha. Mimi nina maneno.

Tumbo linaniuma wiki ya tatu sasa, kushoto, chini ya mbavu. Jirani yangu Yattani akasema ni wengu, nilale anichome. Yattani ni mchomaji, anatibu kwa chuma cha moto. Toka Biliqo mpaka Kinna hakuna ngamia wala mgonjwa ambaye hajaonja chuma chake. Nikakataa. Mke wangu Asho akaniburuta hospitali. Niliburutwa kwa hiari yangu.

Daktari ni msichana wa Meru, anaitwa Gacheri. Ni mpasuaji. Akaweka kile chombo cha kusikiliza moyo hapa kushoto. Kimya. Akasogeza. Kimya! Nikaanza kutamka shahada polepole. Kama moyo umenyamaza na mimi bado naona, basi hii ni akhera, na akhera ina muuguzi anayekula mahindi ya kuchoma. Kisha akaweka kulia. Moyo ukapiga kama mchi kwenye kinu.

Nikapigwa picha za mashine, mbele na nyuma. Ndani yangu kila kitu kimehama! Moyo uko kulia. Ini liko kushoto. Daktari akasema nimezaliwa hivyo, hainidhuru, na watu kama mimi ni mmoja katika elfu kumi. Nikamwambia hilo halinishangazi hata kidogo. Kinachonidhuru ni mawe kwenye kifuko cha nyongo. Watu wengine wanaumwa na kitu hicho kulia, mimi kushoto. Nipasuliwe Jumatatu ijayo. Kabla ya hapo nisiguse mafuta, maana mawe yakiziba njia naweza kufa.

Halafu akasema jambo kubwa. Anaomba ruhusa aandike habari yangu kwenye jarida la utafiti, lisomwe na madaktari wa dunia nzima.

Sikumngoja amalize. Nikamwambia andika.

Jumanne, 5 Agosti

Nimezunguka mji. Sokoni, msikitini, kwa wauza miraa. Kila mtu ameweka mkono kifuani kwangu, upande wa kulia. Waislamu wanasema subhanallah. Wameru wanasema haki. Mimi nasimama tu, natulia, kama dume la maonyesho.

Yattani nilimkuta kwenye kioski ya chai, mahali pake, na kofia yake. Akasema hata katika ngamia elfu kumi lazima azaliwe mmoja mwenye wazimu. Watu wakacheka. Nikavua shati.

Upande wangu wa kulia kuna makovu matatu. Miaka arobaini iliyopita, Biliqo, niliumwa na ini, na Yattani akanichoma mara tatu juu ya ini. Nikawauliza watu, je, ini langu liko wapi? Kushoto! Na makovu yako wapi? Kulia! Huyu mtu alichoma nyumba isiyo na mwenyewe!

Yattani akanywa chai. Akauliza, sasa kama alichoma mahali pasipo na ini, mbona nilipona?

Nikamwambia nilipona kwa kuogopa kuchomwa tena.

Nimeshinda. Asho anasema sikushinda. Anasema pia sasa ameelewa kwa nini kwa miaka yote ya ndoa akiniambia jambo moja kwa moja linaingia kwangu limegeuka. Mtu wa jarida hajibizani.

Jumatano, 6 Agosti

Hasira! Hasira kubwa!

Daktari Gacheri amenisomea fomu. Ziko mbili. Moja ya kukubali kupasuliwa, nyingine ya kukubali kuandikwa. Akafika mahali panaposema jina la mgonjwa halitatajwa. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikauliza nitaitwa nani basi. Akasema nitaitwa mwanamume wa miaka sabini na moja, mfugaji.

Mfugaji! Wafugaji wa miaka sabini na moja wamejaa hapa mpaka Kipsing! Na uso pia hautaonekana. Itakuwa picha ya tumbo peke yake. Akasema ni sheria ya utafiti, inalinda siri yangu. Siri gani? Jana nimevua shati kwenye kioski.

Nikamweleza kwa upole. Nikasema, msichana wangu, hata ng'ombe akipotea, ana chapa. Mtu wa mbali kabisa anaangalia ubavu wake, anajua huyu ni wa jamaa fulani. Na mimi niingie dunia nzima bila chapa, kama mnyama wa kuokotwa?

Akasema anaelewa. Hakuelewa. Nikakataa fomu ya kuandikwa. Kisha nikakataa na ya kupasuliwa, ili aone uzito wangu. Akashtuka. Akasema hizo ni fomu mbili tofauti, naweza kukataa jarida na nikapasuliwa vilevile, nisichezee maisha. Muuguzi Kirigia akanong'ona, mzee, mawe ni yako, si ya daktari.

Nikatoka. Ataniita. Mmoja katika elfu kumi haachwi hivihivi.

Jioni. Hajaita.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata dawa! Akili yangu nayo nadhani iko upande wake peke yake.

Jina hapana. Uso hapana. Lakini tumbo ndiyo! Basi nitaweka chapa kwenye tumbo! Chapa ya jamaa yangu, ile tunayoweka kwa mifugo. Ni fimbo yenye pembe mbili, na pembe zinaangalia juu. Picha ikipigwa, chapa imo. Mborana yeyote duniani akiona, atasema aa, kumbe huyu ni Molu.

Shida moja. Mwenye chuma ni Yattani.

Nikaenda. Ilikuwa vigumu kuliko kupasuliwa. Nikamwambia namsamehe kwa makovu matatu, na kama dalili ya msamaha namruhusu anichome. Akanitazama sana. Akauliza kama homa imepanda kichwani. Nikamweleza habari ya picha. Hapo macho yake yakawaka, nikajua naye anataka kazi yake ionwe na madaktari wa dunia.

Lazima nieleze jambo moja. Chapa ya jamaa ya Yattani ni fimbo ileile yenye pembe mbili, lakini zao zinaangalia chini. Babu zetu waligombana miaka mingi kwa sababu ya hiyo. Kwa hiyo sikumwamini. Nikalala chali, nikainua kichwa, nikaangalia tumbo langu mwenyewe, nikachukua makaa nikachora kwa mkono wangu, kulia, chini ya kitovu. Pembe juu. Nikamwambia fuata hapo.

Yattani, aliyesimama miguuni pangu, akaangalia mchoro. Akauliza mara ya kwanza, Molu, una hakika? Nikasema fuata. Akauliza mara ya pili, una hakika kabisa? Nikamwambia mimi naijua chapa ya baba yangu tangu yeye hajajua kufunga kikoi. Akasema haya, Mungu ni shahidi.

Sikupiga kelele. Watu waliosikia kelele walisikia mbuzi.

Baadaye nikainua kichwa tena, nikaangalia. Safi! Pembe juu. Kwa furaha nikala nyirinyiri, nyama kavu ile ya kwenye samli, bakuli moja. Na nusu. Daktari alikataza mafuta, lakini hiyo ni nyama.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kitandani. Wodini.

Baada ya swala ya Ijumaa mawe yaliamka. Nilianguka mlangoni kwangu. Maumivu haya siyaelezi. Nimewahi kung'atwa na fisi, fisi alikuwa mstaarabu. Macho yakawa ya manjano. Asho akalia, na Asho halii. Akasema, baba Tiya, usiniache kwa sababu ya gazeti. Yattani ndiye aliyenibeba mpaka kwenye gari. Naandika hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu napenda.

Daktari Gacheri hakunigombeza kwanza. Akasema njia imeziba, napasuliwa kesho asubuhi, hakuna kungoja Jumatatu. Kisha akafunua tumbo akaona chapa. Hapo akanigombeza! Akasema kidonda kibichi karibu na mahali pa kupasua kinaweza kuingiza ugonjwa ndani, nani amefanya ujinga huu. Nikafumba macho kama mtu mahututi. Nilikuwa mahututi kweli, lakini ningeweza kujibu.

Nilisaini fomu zote mbili. Ningesaini hata ya tatu.

Akapiga picha ya tumbo. Hata katika maumivu hayo nilivuta pumzi, nikanyoosha ngozi ili chapa ikae vizuri.

Jumapili, 10 Agosti

Nipo hai! Jana sikuandika, nilikuwa napasuliwa.

Matundu manne madogo tu upande wa kushoto, wakaingiza kamera na vyuma. Daktari anasema alifanya kazi yote kinyume, mkono wa kulia ukifanya ya kushoto, kama mtu anayejinyoa kwenye kioo. Usiku wa kuamkia jana alikuwa kwenye vitabu vyake akisoma wengine walifanyaje. Mawe kumi na tisa. Yako kwenye kichupa hapa karibu na mto. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na mawe sita. Namhurumia.

Mchana Asho amekuja na uji. Muuguzi Kirigia alikuwa anabadilisha bandeji. Asho amesimama mbele ya kitanda, akaangalia tumbo langu. Akainamisha kichwa. Akaangalia tena. Kisha akacheka mpaka akakalia ndoo.

Akasema, baba Tiya, tangu lini umekuwa ngamia wa Yattani?

Nikamwambia aangalie vizuri, pembe ziko juu. Akasema ziko chini. Nikasema juu. Tukatupiana maneno. Kirigia akaombwa ahukumu. Akasimama mbele, akasema chini. Asho akasema ngozi inasomwa na mtu aliye mbele, si na mwenye tumbo. Akanishikia kioo kidogo cha mkoba wake.

Chini! Zimeangalia chini!

Nimeingia kwa madaktari wa dunia nzima na chapa ya Yattani!

Jumatatu, 11 Agosti

Sikulala. Nimemwita daktari, nikamwambia picha ile iondolewe. Akasema ni haki yangu, fomu inasema hivyo, kabla jarida halijachapwa naweza kujiondoa wakati wowote. Lakini picha ndiyo inayoonyesha makovu ya zamani kulia, huku uchungu ukiwa kushoto. Ndiyo maana ya makala yote. Bila picha, pengine jarida litakataa.

Akaketi kando ya kitanda. Akasema siku moja kutakuwa na mtu kama mimi mahali pengine, anaumwa kushoto, na daktari wake hajui atafute nini. Akisoma habari yangu atajua. Mtu huyo atapona na hatajua jina langu.

Machozi yalikuja. Yalikuwa ya dawa.

Halafu Yattani akaingia, na kofia, na maziwa ya ngamia. Akanisalimu mbele ya wodi nzima, akauliza ngamia wake anaendeleaje. Wagonjwa wakacheka mpaka mmoja akashikilia nyuzi za kidonda chake. Ameshatangaza mji mzima. Daktari amemwomba akae naye amweleze kazi ya kuchoma watu, anataka kuandika makala nyingine. Yattani! Kwenye utafiti! Na makovu matatu yote yaliyokosea!

Nikamwambia amegeuza chuma makusudi. Akasema aliuliza mara mbili na Mungu ni shahidi. Nikamwambia mara mbili ni chache.

Lakini picha nimeiacha. Nimemwambia daktari aendelee. Nimesema ni kwa ajili ya yule mtu wa mbali anayeumwa kushoto. Na ni kweli. Robo tatu ni kweli.

Jumatano, 13 Agosti

Nyumbani. Mama Tiya amenipa uji bila chumvi na maneno yenye chumvi. Nyirinyiri amefungia kwenye sanduku. Nisiinue kitu, nisibishane.

Nimefikiri. Daktari amesema baada ya wiki mbili nirudi, apige picha ya pili kuonyesha matundu yamepona. Picha ya pili! Itakaa kwenye ukurasa uleule! Basi iko nafasi ya kurekebisha. Mwenye kuona ya kwanza ataona na ya pili, atajua mwenye mali halisi ni nani.

Kosa nimelijua. Kosa lilikuwa kumwamini Yattani. Asho bado anasema mambo ya mtu wa mbele na mtu wa nyuma, lakini yeye hajawahi kuchapa hata mbuzi.

Nimetuma salamu kwa Yattani aje Ijumaa na chuma, Asho akiwa sokoni. Amejibu haraka sana. Amesema atakuja bure, na kwa furaha.

Safari hii sitoi nafasi ya ujanja. Leo asubuhi nimelala chali, nimeinua kichwa, nimechora kwa makaa mwenyewe, kushoto, chini kabisa, mbali na matundu. Polepole. Nimeangalia mara tatu, si mara mbili.

Pembe juu. Safi kabisa.