Kipimo cha Ghazwan na Nyanya za Umm Mizhir

Ghazwan al-Attabi alipata wazo la kutajirika siku mama yake alipomtupia shati usoni. Shati lilikuwa jeupe, limefuliwa asubuhi na kuanikwa darini, na ilipofika adhuhuri lilikuwa limejaa masizi ya ile mioto ya gesi inayowaka kwenye visima vya mafuta mwaka mzima, utadhani sisi watu wa Basra tumelilalamikia jua kwamba halituchomi vya kutosha.

"Lifue mwenyewe!" mama akafoka. "Na kama masizi yanaangukia shati, nyanya tunazokula je?"

Mtu mwenye akili timamu angeogopa. Ghazwan alifurahi mpaka akambusu mama yake kichwani.

Teksi yake ilikuwa na kifaa cha kupimia betri, kile chenye sindano mbili na taa ndogo. Akakitia kitufe chini, mahali pa kidole gumba. Ukibonyeza, taa nyekundu. Ukiachia, taa ya kijani. Kisha akavaa miwani ya marehemu mjomba wake, ambayo ilimpa sura ya msomi na kumnyima uwezo wa kuona ngazi. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi: aende kwa mkulima wa Zubair, nje ya mji, achome nyanya sindano, taa iwake nyekundu, mkulima apagawe, auze shamba zima la nyanya kwa bei ya kutupa. Halafu zile zile aziuze mjini kwamba ni nyanya za milimani, kutoka Duhok, hazijawahi kunusa moshi. Ili apate mtaji aliuza teksi. Alijiambia kwamba tajiri haendeshi teksi, na hapo alisema kweli, ila hakujua kwamba maskini asiye na teksi haendeshi pia.

Akamchagua Umm Mizhir, mjane mwenye shamba karibu na bomba la kampuni ya mafuta. Mjane, akawaza, atakuwa laini. Tumcheke taratibu, na sisi tumewahi kuwaza hivyo.

Umm Mizhir alimpokea kwa heshima zote, pamoja na mashemeji zake watatu, kila mmoja na masharubu ya kumtisha jirani. Akaletewa wali, samaki na mchuzi. Ghazwan aliona kopo la nyanya za kiwandani kando ya jiko. Kwenye shamba la nyanya, mchuzi wa kopo! Akacheka moyoni: bahili huyu bibi, anaogopa hata kula mali yake. Basi ndiye ninayemtaka.

Baada ya kula wakaenda shambani. Ghazwan akajikwaa, akainuka, akachoma nyanya. Taa ikawaka nyekundu.

"Innalillahi!" akasema, akavua miwani kama daktari anayeleta habari mbaya. "Mama, hii nyanya ina mafuta ndani. Petroli kabisa!"

"Weee!" Umm Mizhir akajishika kichwa. "Mwanangu, hebu pima na hii."

Nyekundu. Pima na ile. Nyekundu tena. Kidole gumba kilianza kuuma.

"Sasa nifanyeje mimi, mwenye nyumba iliyojaa watu?"

"Mama, mimi nina huruma. Nitazichukua zote, nikazisafishe kwa dawa maalumu. Hasara niibebe mimi."

"Aa, hapana. Siwezi kukuponza mtoto wa watu."

Alisema kwa upole, ila akashikilia hapo hapo. Wakarudi barazani, kahawa chungu ikamiminwa, na Ghazwan akapata wazo ambalo alikuja kulijutia kuliko mawazo yake yote, na aliyonayo ya kujutia si machache. Kwetu, mgeni mwenye ombi zito hutua kikombe chini bila kukinywa. Nyumba ambayo mgeni wake amekataa kahawa imeaibika, kwa hiyo mwenyeji humwambia: kunywa, umepewa. Akishakunywa, limekwisha. Hakuna wa kurudi nyuma, si mtoaji wala mwombaji.

Ghazwan akatua kikombe.

Mashemeji wakatazamana. Umm Mizhir akajifuta macho kwa ncha ya shela.

"Unaziomba kweli, mwanangu? Mbele ya wanaume hawa?"

"Naziomba, mama. Shamba zima, na bei nakulipa hapa hapa."

"Kunywa kahawa yako," akasema. "Umepewa."

Akainywa kwa mkupuo mmoja, na pesa za teksi zikahamia kwenye mfuko wa Umm Mizhir.

Kesho yake Ghazwan alisimama juu ya lori la kukodi katika soko la Basra, maboksi yamepangwa, koo limelainishwa kwa chai.

"Nyanya za Duhok! Zimelelewa na theluji! Hazijui kisima, hazijui bomba, hazijui mhandisi! Mpe mgonjwa, ainuke! Mpe mkwe, anyamaze!"

Watu wakasogea. Mwanamke mmoja alikwisha kufungua pochi, ndipo mtu aliyejifunga kilemba mpaka puani akapaza sauti.

"Zionje kwanza wewe!"

"Mimi? Nimeshazila tangu alfajiri, ndugu yangu."

"Basi moja zaidi haikuui."

Watu wakacheka, na Ghazwan, ambaye hajawahi kukataa jukwaa, akachagua nyanya kubwa, akaiuma.

Ilikuwa mafuta ya taa. Si harufu tu, ladha yenyewe, ile inayopanda puani na kukalia ubongo. Machozi yakamtoka. Akatafuna akitabasamu. Akameza akitabasamu. Akafungua mdomo ili aseme "Tamu!" na badala yake akapiga mbweu, kubwa, ya kutoka tumboni.

Muuza samaki aliyekuwa chini yake akazima sigara upesi.

"Jamani," akasema, "huyu asisogee jikoni."

Soko zima likalipuka kwa kicheko. Mwanamke akafunga pochi. Ghazwan akaketi juu ya maboksi yake akiwa na jambo moja la kufikiria: kile kifaa chake cha uongo kilikuwa kimesema kweli tupu, na mtu pekee aliyekataa kukiamini alikuwa yeye mwenyewe.

Akaligeuza lori kurudi Zubair akiwaka hasira.

"Mama, umeniuzia sumu! Nirudishie pesa yangu!"

"Karibu, mwanangu. Kahawa?"

"Sitaki kahawa!"

Shemeji mkubwa akakohoa. "Nani alitua kikombe?"

"Mimi."

"Nani alikinywa?"

Ghazwan akatazama sakafu. "Mimi."

"Anayedai kilichonywewa kahawa ametukana nyumba, na ukoo wake hukaa na ukoo wetu kulipa faini. Tuwaite wazee wako?"

Ghazwan akawawazia wajomba zake wakisikia habari hii, akanywea.

Shemeji mdogo akavuta kilemba mpaka puani, akakonyeza. Ghazwan akamtambua: ni yule wa sokoni.

"Ungewauzia watu," Umm Mizhir akasema, na sasa hakuwa na utani, "huyu angepindua lori. Sisi wenyewe hatuzili. Hukuona kopo? Bomba lao linavuja, linaingia kwenye maji ninayomwagilia. Mbuzi wangu wawili wamekufa. Pesa zako zimewanunulia waliobaki maji ya kunywa. Kila nikienda kwenye kampuni wananiambia, mama, lete mtaalamu mwenye kipimo. Ndipo ukaja wewe."

"Mama, kipimo changu ni cha uongo!"

"Najua. Niliona kidole. Lakini nyanya sasa ni zako, hasara ni yako, na mdomo unao. Twende getini."

Ndivyo Ghazwan alivyojikuta mbele ya geti la kampuni, amemwaga lori zima barabarani, akisema ukweli kwa mara ya kwanza katika utu uzima wake, na akigundua jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu, tena isiyo na malipo. Wanakijiji walikuwa nyuma yake. Walinzi walikuwa mbele.

Mwishowe akatoka mhandisi, kijana wa mjini, nywele zimechanwa vizuri, mkononi kifaa kinachong'aa. Akainama, akachoma nyanya.

Taa ya kijani.

"Salama kabisa," akasema kwa huzuni ya kisomi. "Mama, naelewa hofu yenu."

Akachoma nyingine. Kijani. Umm Mizhir akajifunika uso kwa shela. Kitu kikamuuma Ghazwan kifuani, akadhani ni ile nyanya. Haikuwa nyanya.

Ndipo akavua miwani ya mjomba, akautazama mkono wa mhandisi. Kidole gumba kilikuwa kimejificha chini ya kifaa, kimebana, kimeanza kutetemeka kidogo. Ghazwan alikuwa anayajua maumivu hayo.

Akaokota nyanya moja, akaipangusa kwenye shati lake, akamnyooshea.

"Pole na kazi, mwenzangu," akasema. "Kula."

"Nimeshakula, ahsante."

"Moja tu. Ni salama."

Mhandisi akaitazama nyanya. Akawatazama watu. Akasema tumbo lake halielewani na nyanya tangu utotoni.

Umm Mizhir akatandika mkeka barabarani katikati ya geti, akaketi, akafungua chupa ya kahawa. Akamimina kikombe, na kama mgeni mwenye ombi zito, akakitua chini bila kukinywa, mbele ya viatu vya mhandisi.

"Haya," akasema. "Tutakusubiri upate njaa."