Makopo Kumi na Manne na Jicho Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kumwogesha mjukuu mchanga. Kaniachia amri moja: makopo ya rangi stoo kayapanga, nisiyaguse. Amri! Mimi niliyeanza na brashi moja ya kuazima, leo nina miaka ishirini na sita kazini!

Nimepata kazi kubwa. Kuchora jicho la mwanadamu, mita mbili kwa tatu, ukuta wa mbele wa zahanati mpya ya macho. Ufunguzi ni Jumamosi saa nne. Daktari kaahidi nikipatia, kuta za matawi mengine matano ni zangu.

Brashi Mbili, mchoraji wa ng'ambo ya barabara, kapita dirisha la stoo mara tatu. Mara tatu si matembezi. Nimebandua lebo za makopo yote kumi na manne, nikayachanganya. Aje aibe sasa, tuone kama atajua lipi ni lipi!

Jumanne, 5 Machi

Nimechora kutwa. Mboni nimeipima: sentimita arobaini na mbili kamili. Daktari, mama mpole kupita kiasi, kanieleza safari ya mwanga. Unapita konea, kile kioo cha mbele. Unapenya mboni. Lenzi inaukusanya, unatua kwenye retina, pazia la nyuma. Huko picha hufika kichwa chini miguu juu, ubongo ndio unaigeuza. Nikamuuliza ubongo nao nani anaukagua. Akacheka. Wanaocheka hivyo wana jambo.

Nimemalizia na mishipa ya damu. Kazi safi.

Jumatano, 6 Machi

Hujuma! Daktari kasimama mbele ya ukuta, kainamisha kichwa kulia, kisha kushoto. Kisha kauliza kwa nini duara linalozunguka mboni ni jekundu, na mishipa ya damu ni ya kijani. Mzee mmoja aliyekuja kujiandikisha, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, akadakia: mwanangu, mimi naona ukungu mtupu, lakini hilo ni jicho la kinyonga! Foleni nzima ikaangua kicheko.

Nimeelewa mara moja. Brashi Mbili kaingia stoo, kabadilisha rangi ndani ya makopo. Kufuli halina hata mkwaruzo. Huo ndio ushahidi: jamaa ni mtaalamu.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari kanikalisha kitini, kafungua kitabu cha vidoti. Kila ukurasa eti umefichwa namba. Nikasoma 21. Akasema ni 74. Mimi! Rangi ya ukuta wowote naipiga hesabu kichwani, leo nifundishwe namba! Tofauti ni 53. Hakuna anayekosea kwa 53. Anatafuta sababu ya kuninyang'anya kazi.

Anadai kwenye retina mna chembe za kutambua rangi, na zangu zina hitilafu tangu kuzaliwa. Huwapata zaidi wanaume, na hupitia kwa mama. Niulize wajomba.

Nimempigia mjomba. Kaapa macho yake ni mazima kabisa. Tatizo ni wauza nyanya tu: kila akichagua zilizoiva, wanambadilishia mbichi kabla hajafika nyumbani. Miaka arobaini sasa. Kumbe ukoo mzima tunaonewa!

Ijumaa, 8 Machi

Mpango. Dada wa mapokezi kanisomea kile kitabu kisirisiri. Namba kumi na sita, nimezikariri kwa dakika sita. Nikaomba kupimwa upya. Zote nikazipiga bila kupepesa. Daktari kakunja uso, kafungua kurasa za mwisho, za watoto wasiojua kusoma. Nikajibu 45, kwa sauti.

Ulikuwa mstari.

Sasa nimepewa makataa: mishipa isipokuwa myekundu kesho kabla ya saa nne, ukuta anapewa Brashi Mbili. Naye kanipungia mkono kutoka ng'ambo. Nimefungua makopo yote kumi na manne. Nikayatazama. Yakanitazama. Nikampigia mke wangu, nikamwambia nimemkumbuka tu.

Akauliza: umeyagusa?

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu kafika na basi la kwanza. Kaingia stoo, kapindua makopo, katoa mawili. Hili la mishipa, baba, hili la duara. Saa tatu na dakika hamsini tumemaliza. Daktari kapiga makofi. Matawi matano yangu! Halafu kamvuta mke wangu pembeni, kamuuliza alijua lini. Akajibu tangu siku ya harusi: bwana alikuja na suti ya kijani akiapa ni kahawia. Wakacheka kama watu wanaojuana zamani. Nimelitia akilini.

Lakini kopo lisilo na lebo kalijuaje? Nimerudi stoo kuchunguza. Chini ya kila kopo kuna mikwaruzo ya msumari. Hapa mmoja, pale miwili, pale mitatu. Alama za siri! Kumbe Brashi Mbili alikuwa anasomea hapo! Mke wangu simlaumu, hana hila, katumiwa bila kujua.

Kesho anarudi kwa binti yetu. Nimechukua msasa, nimezifuta alama zote, makopo kumi na manne. Sasa niko salama. Jumatatu nina kazi ndogo tu, ya mita moja: taa tatu za kuongozea magari, kwenye ukuta wa shule ya udereva.