Mlimao wa Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Wifi yangu amezidi. Mlimao wake, aliouotesha kwa mbegu ya limao la chai, sasa unamfika magotini. Kila mgeni anapelekwa chumba cha uani kuusalimia, utadhani mtoto aliyefaulu mtihani. Na mama mkwe anakuja Jumapili! Nyumba ni yake, na ndiye atakayeamua nani apewe ile kona ya ua yenye jua. Wifi anaitaka kwa ajili ya mlimao. Mimi naitaka kwa sababu wifi anaitaka. Nimekula parachichi, kokwa nimelitia kwenye glasi ya maji. Vita vimeanza.

Jumatano, 5 Machi
Kokwa kimya. Nimeliimbia. Nimelihamishia juu ya friji, kwenye joto. Mume wangu akauliza mbona glasi yake ina jiwe. Nikamwambia hiyo ni subira, aheshimu. Akasema basi lazima nimeiazima kwa mtu. Kaka na dada, lao moja!

Ijumaa, 7 Machi
Wifi alichungulia glasi, akasema kwa upole kwamba kokwa huchukua wiki kadhaa kuota, tena nimeliweka kichwa chini. Upole ule! Afadhali angenitukana. Nikajibu langu ni la aina ya haraka. Sijui ulimi huu nilipewa na nani. Nilipofunga saluni nikapita kwa muuza miche. Nikachagua mparachichi mdogo, majani yanameremeta, nikauviringisha shuka na kuuingiza kwa mlango wa nyuma. Nimeupanda kwenye ndoo kuukuu na kuupaka tope, uonekane wa nyumbani.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe amefika. Hajamaliza hata kunywa maji, nikamvuta uani. Nikamweleza nilivyoulea mti tangu kokwa. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Jumatatu. Jumatatu! Mwaka jana ulikuwa na ubaya gani? Wifi akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mama mkwe akavaa miwani, akainama, akafuta tope kwa kidole. Kumbe shina lina utepe wa nailoni, pale muuza miche alipounganishia kitawi cha mti mwingine.

"Mwanangu," akasema, "huu wako ulizaliwa na bandeji?"

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, maana ardhi ilikataa kupasuka.

Jumatatu, 10 Machi
Kona kapewa wifi. Ameondoka na mama yake, atakaa huko siku chache. Mama mkwe ameamuru niutunze mlimao mpaka wifi arudi, labda nitajifunza kungoja. Wifi akaniachia agizo moja: maji kidogo asubuhi, basi. Kisha akanikumbatia, akasema ananiamini. Machozi yakanilengalenga, wala sikuyaita. Nimeapa: hila basi.

Alhamisi, 13 Machi
Maji kidogo! Huo si uchoyo? Nani aliwahi kunenepa kwa kikombe kimoja? Naumwagia ndoo asubuhi, ndoo jioni, na mbolea nimeutilia mfuko mzima. Wifi akirudi aukute unagusa dirisha, ajue mkulima wa nyumba hii ni nani. Na kweli, unabadilika! Majani yote yamekuwa ya manjano, mazuri ajabu. Nadhani yanaiva.