Manase wa Makambako Azuiwe Kumaliza Mistari

Klabu ya Kompyuta,
Njombe.

Mwalimu Mlezi Ebeneza,

Shikamoo. Ninaandika kwa sababu kusema mbele yako siwezi; kila nikija ofisini kwako naishia kuomba chaki.

Ninaomba unitenganishe na Manase wa Makambako kabla ya maonyesho ya Jumamosi. Ile tovuti yetu ya bei za viazi ameniibia. Malalamiko ni haya:

1. Mwenyewe anadai aligusa mstari mmoja tu. Lakini Git, inayotunza kumbukumbu ya nani kabadilisha nini, inaonyesha kabadilisha faili zima, toka juu mpaka chini. Kwenye kumbukumbu hiyo jina langu halipo hata kwenye mstari mmoja!

2. Nimelinganisha mistari yake na yangu. Ni ileile. Bibi yangu Getruda naye kavaa miwani, kaniuliza, we Erica, hiki si kitu kimoja umekiandika mara mbili? Kwa aibu nikasema ndiyo.

3. Chanzo nimekijua. Mwisho wa kila mstari kompyuta huweka alama isiyoonekana. Yake inayoendeshwa na Linux huweka moja, yangu inayoendeshwa na Windows huweka mbili. Ni kama kulima matuta: wao wakifika mwisho wanashukia tuta linalofuata papo hapo, sisi kwanza tunarudi tulikoanzia. Shamba ni lilelile, ila Git inahesabu nyayo.

4. Hivyo Manase apigwe marufuku kubonyeza kitufe cha Enter, kile cha kumaliza mstari. Akifika mwisho wa mstari apande basi aje Njombe, nimmalizie mimi. Kila mstari. Hata Jumapili baada ya ibada nipo.

Hilo likishindikana, Makambako yote ihamie Windows.

Mpe Mwalimu Scola kamwene yangu, salamu ya kwetu. Chaki zimejaa begini, nitazirudisha.

Mwanafunzi wako mwenye uchungu,
Erica, Kidato cha Tatu

Nakala: Manase

Tanbihi: Manase kaweka kifaili kidogo kinachoiambia Git itunze mistari yote kwa alama moja, kila mtu alime anavyolima kwao. Sasa unaonekana mstari mmoja tu alioubadilisha, ule wa chini kabisa. Mimi, kwa kuona haya, nilikuwa nimeandika: Imetengenezwa na Manase na mwenzake. Yeye kaandika: Imetengenezwa na Erica na Manase.

Mwalimu, ichane barua hii, ila namba nne uiache. Na kama unamfahamu mtu wa kusimamisha basi, tafadhali: nakala ya Manase nilishampa kondakta asubuhi.