Mwezi Hautulii Kiooni

Jumatano, 10 Julai

Mwanakheir amehamia kwa dada yake Kidichi na hataki kurudi. Sababu: friza. Kosa langu ni kuona mbali. Mwenye nyumba ya wageni kule Nungwi alitaka friza la samaki, mimi nilitaka darubini yake ya kompyuta, tukabadilishana kama watu wazima. Friza lilikuwa la mke wangu, kweli. Alikuwa akigandishia malai na juisi ya ukwaju, anawauzia watoto wote wa hapa Malindi ya Unguja. Lakini malai! Mtu kaletewa mbingu nzima nyumbani, yeye analilia malai!

Kamwachia jirani ujumbe: siku friza litakaporudi, naye atarudi. Nyumba imepoa. Chai nnayojipikia ina ladha ya sufuria.

Haidhuru. Hoteli moja ya Uroa inatafuta mtu wa kuwaonyesha wageni mwezi na nyota baada ya chakula cha jioni. Jumatano ijayo Bi Nassra, msimamizi wa hoteli, atatujaribu watu wawili. Wa kwanza mimi. Nikipata kazi, friza jipya linaingia ndani na Mwanakheir nyuma yake. Wa pili ni Mahfoudh wa nyumba ya pili, karani mstaafu, mwenye darubini ya kusukuma kwa mkono. Kwa mkono! Zama hizi!

Nimepanda juu ya paa baada ya Isha. Darubini yangu ina mota mbili na rimoti. Ukishaielekeza kwenye mwezi, inatakiwa iufuate yenyewe kila unapokwenda. Kwanza ikauliza tarehe, nikaandika. Ikauliza saa. Ilikuwa saa mbili kamili usiku, nikaandika 2:00. Ikanijibu, kwa kiburi, kwamba saa hiyo mwezi umeshazama. Mwezi wenyewe uko juu ya nyumba ya Mahfoudh unanitazama! Mashine ya bei poa haina adabu. Nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka ikanyamaza.

Mwezi ukaingia kiooni, mzuri, na vishimo vyake vyote. Halafu ukaanza kuteleza pembeni. Mota zinanguruma, zinafuata kitu, lakini si mwezi. Sijamaliza hata kikombe cha chai, kioo kimekuwa cheusi.

Alhamisi, 11 Julai

Ugonjwa umejulikana. Miguu ya darubini ni myepesi, upepo unaisukuma. Nimefunga kiroba cha mchele katikati ya miguu kuipa uzito. Kazi safi kabisa.

Mwezi umeteleza vilevile. Kiroba kimepasuka. Kesho kunguru watakula vizuri kuliko mimi.

Mahfoudh kapanda ngazi bila kuitwa, na kanzu yake imepigwa pasi utadhani anakwenda kuposa. Akauliza kama nimesoma kitabu cha maelekezo. Nikamwambia kitabu hicho kimeandikwa kwa ajili ya watu wasiojua. Akasema huenda nimeipa mashine maelezo yasiyo sahihi. Huyu, ambaye miaka yote alipiga mihuri tu! Nikamshukuru kwa ushauri na nikamwonyesha ngazi.

Ijumaa, 12 Julai

Usiku nilipata jibu. Mota ni kavu. Baada ya sala ya Ijumaa nimefungua kifuniko na kuzipaka mafuta ya nazi, yale mazuri ya Mwanakheir, ya nywele. Skrubu mbili zimebaki baada ya kufunga. Watengenezaji wa siku hizi wanajaza skrubu ovyo.

Jioni sisimizi wameipata harufu. Wameingia kwenye mota, wametoka kwenye rimoti, wengine wamefika kiooni. Mwezi umeteleza pembeni na sisimizi wakabaki, wakubwa kama ng'ombe. Nimewapuliza hadi kichwa kikaniuma.

Jumamosi, 13 Julai

Leo nimeiacha mashine ipumzike, nimemshughulikia Mahfoudh. Nimekutana naye barazani, nikampa salamu nzuri, nikamwambia kwa masikitiko kwamba majaribio ya Uroa yameahirishwa mpaka Alhamisi. Akanishukuru sana. Mtu mwepesi kumdanganya!

Kabla ya Magharibi Bi Nassra kanipigia simu. Kasema Bwana Mahfoudh kamuuliza kuhusu Alhamisi, na yeye hajui Alhamisi yoyote. Sauti yake ilikuwa baridi. Nikamweleza kwamba Mahfoudh ni mtu mzima, masikio yake yamechoka. Akasema tuonane Jumatano, saa mbili usiku, na nisichelewe.

Mahfoudh anampigia simu mwajiri kuhakikisha maneno ya jirani yake! Watu hawana imani siku hizi.

Jumapili, 14 Julai

Nimekwenda Kidichi. Bi Maisara, dada mkubwa wa mke wangu, alikuwa anafungasha mdalasini wa kuwauzia watalii. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kupitia puani. Tangu harusi yetu mwanamke huyu ananitazama kama mtu aliyeletewa samaki wa jana.

Mwanakheir kanipa uji na mkate wa kumimina. Amekonda kidogo, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Nikamsimulia habari ya mwezi kuteleza, ili aone nnavyoteseka. Akauliza swali moja tu: saa niliandika ngapi? Nikamwambia niliandika saa iliyokuwepo, saa mbili, ningeandika nini tena?

Basi akacheka, akamwita na dada yake aje acheke. Kabla hatujaoana alikuwa anakata tiketi za boti bandarini. Anasema kila wiki alikuwa na mtu analia dirishani: tiketi imeandikwa 7:00, abiria anakuja saa saba mchana na mabegi yake, boti imeondoka tangu saa moja asubuhi. Eti mashine nayo ni hivyohivyo, inahesabu kuanzia katikati ya usiku. Saa mbili zetu za usiku kwake ni 20:00. Nikiandika 2:00 inadhani ni saa nane za usiku, wakati watu wamelala, na inaufuata mwezi wa saa hiyo.

Nikamwambia darubini si boti. Bi Maisara akasema afadhali ingekuwa boti, ningeshaondoka.

Mwanakheir kanisindikiza mpaka barabarani. Anasema atakuja Uroa siku ya majaribio, na nikipata kazi atarudi nyumbani usiku uleule, friza au hakuna friza. Kisha akasema, polepole, "Mimi nataka kurudi, Mjaka. Nipe sababu tu." Nilitaka kumshika mkono lakini Bi Maisara alikuwa anachungulia.

Jumatatu, 15 Julai

Kwa kujifurahisha tu, na mlango wa ngazi nimeufunga kwa komeo, nimeandika 20:00.

Mwezi umetulia. Nimeteremka, nimekaanga yai, nimekula, nimepanda, mwezi uko palepale katikati ya kioo. Nimeteremka tena kuosha sahani. Nimerudi. Upo! Nilikaa peke yangu juu ya paa nikicheka, na machozi yakanitoka kidogo. Akilini nilimwona Mwanakheir anapanda ngazi zetu na begi lake.

Nimefikiri sana juu ya sababu. Ni mafuta ya nazi. Hayafanyi kazi siku ileile. Kwanza yanaingia ndani, kama kichwani. Nilipaka Ijumaa, leo yamekolea. Ile 20:00 imesadifu tu.

Jumanne, 16 Julai

Mawingu. Nimepaka mafuta mara ya pili. Nimenyoa ndevu.

Jumatano, 17 Julai

Uroa. Wageni wamemaliza kula, wamekaa kwenye viti ufukweni. Bi Nassra yuko mbele, mikono nyuma. Mahfoudh kaja na kanzu nyeupe na kofia ya viua. Mwanakheir kaja na baibui lake la sikukuu, kasimama karibu na bega langu, ananukia asmini.

Nikawasha. Mashine ikauliza saa.

"Ishirini, Mjaka," Mwanakheir akaninong'oneza. "Andika ishirini."

Mahfoudh alisikia. Nilimwona midomo yake inavyocheza. Sasa nifanye nini? Mtaalamu anafundishwa saa na mkewe mbele ya karani wa mihuri? Na hata kama ni kweli, mashine iliyoko Unguja haiwezi kujifunza saa za Unguja? Jua letu linachomoza saa kumi na mbili tangu enzi za mababu na hakuna aliyepotea. Nikaandika 2:00. Nilibonyeza kwa nguvu, wote wasikie.

Mgeni wa kwanza, mama wa Kizungu mwenye kofia, aliuona ukingo wa mwezi ukiaga. Wa pili alisema anaona giza. Nikamweleza kwamba hiyo ni ile sehemu ya mwezi yenye giza. Wa tatu aliinama muda mrefu, akauliza kama kifuniko kimetolewa. Nikaipiga mota kofi. Sisimizi mmoja akatoka.

Zamu ya Mahfoudh. Akausukuma mwezi wake kwa kidole, mgeni mmoja akaona. Akasukuma tena, mwingine akaona. Kati ya mgeni na mgeni aliwahadithia maisha yake ya ukarani. Wawili walikwenda kulala.

Hapo Mwanakheir akasogea kwenye darubini yangu. Hakuniomba ruhusa. Akaizima, akaiwasha, akaandika anayoyajua yeye, akauweka mwezi kiooni na kuondoa mkono. Wageni wakapanga foleni. Wote wakaona, waliokwenda kulala wakarudi, hata mpishi akaja na aproni. Mwanakheir aliwaeleza kwa Kiingereza chake cha bandarini, anacheka nao. Sijamwona hivyo tangu friza liondoke.

Bi Nassra kampa kazi yeye. Mwanakheir! Nikamkumbusha Bi Nassra, kwa upole, kwamba darubini ni yangu. Mwanakheir akamwambia kwamba hilo ni friza lake, limebadilika sura tu. Bi Nassra akaonekana kuridhika na maelezo hayo.

Tumerudi kwa gari ya hoteli. Tulipokaribia njia ya Kidichi, Mwanakheir kamwambia dereva apunguze mwendo. Kisha akanigeukia.

"Mjaka, nnakwenda na wewe nyumbani sasa hivi. Sema tu ilikuwa saa."

Neno dogo. Lilinifika mpaka kwenye meno, wallahi. Dereva alikuwa anasikiliza. Mahfoudh alikuwa kiti cha nyuma anajifanya kalala. Nikamwambia kwamba kila mtu ana mawazo yake, lakini kitaalamu ni mafuta.

Akasema, "Basi." Akateremka na darubini yake begani. Hakugeuka nyuma.

Alhamisi, 18 Julai

Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu na nimelala upande wake wa kitanda, kwa kuwa upande wangu umeshuka. Nnamkumbuka. Nnaandika wazi kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Lakini mtu asijidanganye kwamba nimeshindwa. Friza nilitoa, kazi imepatikana, nani aliyeona mbali? Mahfoudh kanipa pole barazani. Nimemwambia pole ampelekee mwenye darubini ya kidole.

Alasiri nimelainika. Nimempigia Mwanakheir kumwambia kwamba nimemsamehe, anaweza kurudi hata leo. Nilipofika kwenye neno "nimekusamehe" simu ikakatika. Nimepiga tena, ikakatika palepale. Maskini, hakusikia chochote. Mtandao wa Kidichi ni mbovu kupindukia.

Nimeulizia sokoni Darajani. Kuna bwana mmoja ana antena kubwa ya kuvuta mtandao, karibu mpya, inafungwa juu ya paa. Pesa hataki. Anataka jiko la gesi, na kesho asubuhi anakuja kulichukua.