Liban Bado Anachungulia Tundu

Jumatano, 7 Agosti 2024
Tata Ciakuthii, dada wa mama, amenipigia. Binti yake Igoki ana ruracio, sherehe ya kutolewa mahari, Jumamosi, kwao Kianjai. Wapiga picha tutakuwa wawili: mimi, kwa sababu ni damu yake, na Liban, kwa sababu ana kazi safi. Asante sana, tata! Atakayeshika vizuri pale Igoki anapofunuliwa leso ndiye atapewa arusi yote wiki ijayo. Hiyo arusi lazima niipate. Nikiikosa, nitazeeka hapa Gakoromone nikipiga picha za pasipoti.

Liban ana studio mkabala na yangu. Kamera zetu ni za aina moja, lakini yeye huibana usoni akachungulia kile kitundu cha juu, kama mtu anayepeleleza jirani akioga. Skrini kubwa hivyo ni ya nini sasa? Mimi nawasha skrini, nanyoosha mikono, kila mtu anaona. Huo ndio usasa!

Alhamisi, 8 Agosti
Mpango umeiva. Nimemwambia tata, kwa masikitiko makubwa, kwamba skrini ya Liban imekufa. Si uongo. Nimekisia tu. Mtu mwenye skrini nzima angekosaje kuitumia? Tata amesema basi mimi nisimame mbele, Liban akae kando huko kwenye masufuria. Pole, Liban! Nimecheka peke yangu mpaka mteja wa pasipoti akashtuka na kufumba macho. Ikabidi nirudie.

Jumamosi, 10 Agosti
Sitaki kuandika. Naandika tu kwa hasira.

Wasichana wakaletwa, wote wamefunikwa leso nyeupe tupu kichwa hadi miguu, Igoki akiwa katikati yao. Mutwiri, bwana arusi, amtambue wake. Akikosea, faini. Mimi niko mbele, mikono imenyooka, akina mama wamejazana nyuma yangu kutazama skrini. Raha iliyoje! Mutwiri akashika leso. Nikabonyeza. Kamera ikaanza kutafuta. Ikaenda mbele, ikapitiliza, ikarudi nyuma, ikapitiliza tena. Ukungu mtupu. Mama mmoja akauliza kama kamera inaumwa.

Mutwiri naye akapatia mara ya kwanza. Angekosea kidogo tu angenisaidia, lakini vijana wa siku hizi hawana huruma. Leso ikatolewa. Igoki akacheka, akalia, vigelegele vikapigwa. Kamera bado inatafuta! Ilipata fokasi Igoki akiwa ameketi anakula, na hata hapo ikashika maandishi ya tangi la maji nyuma yake. Yanasomeka vizuri sana, mpaka lita.

Na Liban? Huko kwenye masufuria, jicho tunduni, kacha, kacha, kacha. Ana machozi ya Igoki, moja moja.

Jumapili, 11 Agosti
Arusi amepewa Liban. Mimi nimeachiwa keki. Keki! Tata amesema nipige hiyo kabla haijakatwa, kwa sababu haikimbii.

Nimemwendea Liban kumuuliza, kwa ukali, anatumia dawa gani. Akanimiminia chai ya tangawizi, jambo lililoniudhi zaidi. Akaeleza kwamba ndani ya kamera zetu hizi kuna kioo. Ukichungulia tunduni, kioo kiko chini, kinapeleka mwanga kwa kifaa kinachojua papo hapo lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani. Ukiwasha skrini, kioo kinainuka, kifaa hicho kinabaki gizani, na kamera inajaribujaribu mbele na nyuma mpaka picha ikolee. Kwenye leso nyeupe isiyo na ua wala mstari, akauliza, kamera ingeshika nini? Kwa kitu kilichotulia, skrini ni sahihi hata kushinda tundu. Kwa keki, kwa mfano. Alitabasamu aliposema keki. Shenzi! Akaongeza kitu kuhusu kioo kuinuka kidogo ukibonyeza, ili picha iingie. Hapo sikusikiliza. Nilikuwa nishaelewa.

Ijumaa, 16 Agosti
Kesho ni arusi, na nimepata jibu. Kioo kikiwa juu, kamera ni kobe. Kikiwa chini, ni radi. Kwa hiyo shida yote ni huku kuinuka! Nani alikipa ruhusa? Nimetoa lenzi, nimechukua gundi ile ya kubandika soli za viatu, nikakigandisha kioo chini. Hakiendi popote tena.

Liban nimemwambia arusi imehamishiwa Ruiri. Akanitazama, akasema sawa, atampigia tata amuulize njia. Hana adabu huyu, kumsumbua mama wa watu siku ya shughuli!

Nimechungulia tunduni. Mlango wa Liban: tii! Imeshika. Kuku wa jirani, anakimbia: tii! Liban mwenyewe, anacheka kwenye simu: tii! Kesho watanijua. Picha yenyewe bado sijapiga hata moja. Naacha gundi ikauke vizuri.