Ombi la Kurudishiwa Makunyanzi ya Paji la Uso

Kwa Dokta Sekarwangi,
Kliniki ya Mishipa ya Fahamu, Yogyakarta.

Daktari mheshimiwa,

Ni mimi Suwondo, mzee wanayemwita Pak Wondo, jaji wa mashindano ya tetere waimbaji, yule mwenye kipandauso sugu. Naandika kwa adabu zote kulalamika kwamba umenitibu.

1. Vidonge vya kwanza, vile vya wenye huzuni, vilinilaza. Nilisinzia wima chini ya mlingoti wenye tundu la ndege juu, na watu wakasifu: "Mwoneni Pak Wondo anavyosikiliza!"

2. Vidonge vya pili, vya kifafa, viliniondolea hamu ya chakula pamoja na majina. Nilishika kipaza sauti kumtangaza tetere bora, nikataja jina la mke wangu, Bu Lasmi. Naye anadai kombe lake hadi leo.

3. Ndipo ukanichoma zile sindano za paji la uso. Hapo, Daktari, ulivuka mpaka. Kichwa kimetulia kabisa, ila paji halisogei. Nyumbani mke wangu ananiambia, "Nakwambia choo kimeziba, Pak, unanitazama kama picha ya ukutani!"

4. Kazini ndiko kwenye maafa. Miaka yote wenye ndege walisoma kunyanzi langu la kushoto. Likipanda, ndege kafaulu. Likishuka, wananizonga kabla sijainua bendera ya alama. Sasa hawaoni kitu. Mmoja wao, Pak Gunarto, alinizunguka kama anayekagua ng'ombe wa kununua, akafoka: "Jaji gani huyu, uso kama sahani! Tumgombeze saa ngapi?" Wanataka nivuliwe ujaji kabla ya fainali ya mwezi ujao. Bila ujaji, mimi ni mzee mwenye masikio tu.

Kwa hiyo naomba ufute awamu yangu ijayo ya sindano, makunyanzi yarudi, walau hilo la kushoto. Kipandauso kikirudi nalo, basi, tumeshazoeana.

Nisalimie wauguzi wote, na yule mama wa mapokezi anayedhani siku zote nimefurahi.

Wako mwenye uso laini,
Suwondo

Nyongeza: Mwenyekiti wa chama chetu amepita sasa hivi, akaisoma barua hii akichungulia juu ya bega langu. Anasema haijapata kutokea, hadi nilipopata uso huu, mashindano yakaisha bila jaji kushawishiwa au kushikwa shati. "Pak Wondo, una wazimu? Twende na wale majaji wengine watatu, nao wachomwe!" Tutafika Alhamisi, Daktari. Unichome mimi wa kwanza.